Alama ya Chaki kwenye Mbao za Mhugu

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa ufagio na nikaonyeshwa rundo la vumbi la mbao lililofika kiunoni. Ilikuwa yadi ya mbao huko Baba Dogo, miaka ya tisini ndiyo kwanza inaanza. Nilikuwa mama wa watoto watatu, na kila asubuhi nilitoka Makongeni kwa miguu kwa sababu mume wangu, aliyekuwa karani wa reli, alikuwa ameanza kuugua mgongo na nilijua siku si nyingi ningebaki mimi peke yangu wa kwenda kazini na kurudi.

Karani wa yadi hakuniuliza hata jina. "Mama, hapa kazi yako ni moja," aliniambia. "Fagia, usiguse mashine, usisumbue mafundi."

Nikafagia. Karibu na adhuhuri nilifika kwenye kibanda alipokuwa Fundi Mkuu. Alikuwa mzee mrefu aliyeinama kidogo, miwani yake imefungwa kwa uzi upande mmoja. Alikuwa ameegemeza mbao ukutani, anazigonga moja moja kwa kifundo cha kidole, halafu anazipanga, mbovu kushoto, nzima kulia. Nilifagia nikiwa nimempa mgongo, nikisikiliza. Aligonga ubao mmoja, akauweka kulia, nami maneno yakanitoka mdomoni.

"Huo una ufa ndani."

Mafundi wawili wakacheka. Fundi Mkuu hakucheka. "Umejuaje?"

"Sauti yake imekatika katikati. Baba yangu alikuwa mchongaji kwetu Ukambani. Alikuwa anachonga mti huuhuu, mhugu. Akigonga gogo likajibu hivyo, hapotezi patasi yake."

Alichukua shoka akaupasua. Ufa ulikuwemo, mrefu kama kidole, mweusi. Aliutazama kwa muda, kisha akanitazama mimi. Wiki iliyofuata alininyang'anya ule ufagio akampa mtu mwingine, nami nikawa mchambuzi wa mbao, mwanamke wa pekee katika kikosi cha watu sita.

Vijana wa leo wakisikia sakafu ya mbao Eastlands wanafikiri ninawadanganya. Sakafu za nyumba zetu wenyewe zilikuwa za saruji, tukazipaka rangi nyekundu na kuzisugua kwa nta mpaka zing'ae. Lakini makanisa yalitaka mbao, kumbi za mikutano zilitaka mbao, na miaka ile wafanyabiashara waliokuwa wakijijengea Lucky Summer na mitaa ya jirani walitaka angalau chumba kimoja chenye sakafu ya mbao ngumu, mahali pa kupokelea mgeni wa heshima. Kazi ilikuwepo. Haikuwa nyingi, ila ilitosha kikosi chetu.

Nitaeleza jinsi tulivyoifanya, maana sasa sioni mtu anayeifanya hivyo.

Mbao zilifika kwa lori. Kabla hazijaguswa na nyundo zilipaswa kuchambuliwa. Kwanza nilitazama kichwa cha kila ubao, pale msumeno ulipokata, nione ile mistari ya umri wa mti imepinda upande gani. Upande uliokuwa karibu na moyo wa mti ulijulikana hapo, na katika chumba kimoja mbao zote zilitakiwa kulala upande mmoja, kwa sababu ubao ukikauka hujikunja, na zikijikunja kila mmoja kwa njia yake, sakafu inakuwa kama bati la paa. Kisha rangi. Mhugu mmoja ni wa kahawia kama chai ya maziwa, mwingine unakaribia weusi. Ukizichanganya ovyo chumba kinaonekana kimeshonwa viraka. Kisha vifundo, pale matawi yalipoota. Vidogo tulivivumilia. Kikubwa tulikikata, na vipande vilivyobaki vikaenda pembeni na kwenye kabati, ambako macho hayafiki.

Cha mwisho na kikubwa kilikuwa maji. Ubao mbichi una maji ndani hata kama juu unaonekana mkavu. Ofisini kulisemekana kuna kifaa cha kupimia, lakini mimi sikukiona. Nilitumia shavu. Unauweka ubao kwenye shavu asubuhi na mapema; mkavu ni vuguvugu, mbichi ni baridi kama chungu cha maji. Unaunusa pia. Mhugu mkavu unanukia vizuri, hata nguo zako zinarudi nyumbani na harufu yake. Mbichi una uchachu. Nikiridhika, nilichora alama ya mkasi kwa chaki mgongoni mwa ubao, mistari miwili iliyokatana. Fundi Mkuu alipoona alama hiyo hakuuliza tena. Aliweka.

Kuweka nako kulikuwa na adabu yake. Mbao zililala kwanza ndani ya chumba chenyewe siku kumi na nne, zimepangwa kwa vijiti katikati ili hewa ipite, zizoee nyumba. Chini tulipigilia fito za kushikia, tukazipima kwa pimamaji. Kila ubao ulikuwa na ulimi upande mmoja na mfereji upande wa pili. Ulimi unaingia kwenye mfereji wa jirani, na msumari unapigwa kwa mshazari kwenye ulimi ili ukifunikwa usionekane kabisa. Mhugu ni mgumu, kwa hiyo tulitoboa kwanza kwa keekee, bila hivyo msumari unapinda au ubao unapasuka. Viungo vya safu mbili zinazofuatana havikuruhusiwa kukutana. Na ukutani tuliacha nafasi ya kidole, pande zote nne, sakafu ipate pa kutanukia wakati wa mvua.

"Usiibane," Fundi Mkuu alikuwa akiniambia kila nilipojaribu kuziba nafasi ile. "Ukiibana itainuka katikati, na wewe ndiwe utaitwa, si mimi. Mimi nitakuwa nimeshakufa."

Nilifanya naye hivyo miaka minne. Kanisa moja, kumbi mbili, nyumba sijui ngapi. Na katika mwaka wa nne niligundua jambo ambalo sikumwambia mtu. Macho yake yalikuwa yanakwisha. Alikuwa akipapasa ulimi wa ubao kwa kidole gumba kabla ya kupiga msumari, na vichwa vya mbao hakuvitazama tena. Alitazama alama zangu tu, kwa sababu nilianza kuzichora kubwa. Hatukulizungumzia.

Mwaka huohuo tulipata Msimamizi mpya. Yule wa zamani alikuwa fundi aliyepandishwa. Huyu alitoka ofisini. Alikuwa kijana msafi, mwenye shajara kwapani, na sitasema alikuwa mtu mbaya. Aliulizwa na wakubwa wake siku ngapi, naye akaja kutuuliza siku ngapi, na jibu letu halikuwa jibu alilotaka kulipeleka.

Ndipo ikaja nyumba ya Lucky Summer.

Mwenye nyumba aliitwa Bi Habiba, muuza vitambaa, mwanamke wa makamo aliyefika Nairobi na mtoto mgongoni akikimbia vita kwao Somalia. Alikuwa amejenga ghorofa moja, na chumba cha juu kilichotazama mashariki alikitaka kiwe cha mbao. Nilipokwenda kupima aliniita kando, mwanamke kwa mwanamke.

"Mama Mutheu, hiki chumba ni cha mama yangu," alisema. "Miaka mitano sijamwona. Amepatikana kambini, anakuja mwezi wa sita. Miguu yake haiwezi saruji. Saruji inamuumiza mpaka kwenye nyonga. Nataka akishuka kitandani akanyage kitu chenye joto."

Nikamwambia atakanyaga.

Mbao zilikuja Mei, mvua ndefu zikinyesha. Dereva wa lori alizitupa barazani kwa Bi Habiba. "Mathe, mzigo ndio huu," akasema, "weka sahihi nihepe, barabara inaharibika." Nikagusa ubao wa kwanza kwa shavu nikajua. Nikagusa wa pili, wa kumi, wa thelathini. Zaidi ya nusu zilikuwa mbichi kabisa. Nilizitenga upande mmoja bila alama nikamwita Msimamizi.

"Hizi haziwezi kuwekwa," nilimwambia. "Zinataka miezi mitatu chini ya paa. Pengine minne."

"Mama, mgeni anafika baada ya wiki tatu."

"Basi mwambie Bi Habiba ukweli. Atatandika zulia kwa sasa."

"Nimeshamwahidi meneja." Alifungua shajara, akaifunga. Mvua ilikuwa inapiga mabati ya jirani na ilibidi apaze sauti. "Sikiliza. Mzee yule anaweka kile ulichokichora wewe. Najua haoni. Unafikiri sijui? Nikiandika kwamba haoni, kesho yuko nyumbani. Na mchambuzi asiye na fundi ana kazi gani? Weka alama, mama. Zitakaukia hukohuko sakafuni."

Akaondoka. Nilibaki barazani na kipande cha chaki. Nilimfikiria mume wangu, ambaye mwezi uliopita alikuwa ameacha kwenda kazini, na barua ya kutuambia tuhame nyumba ya reli ilikuwa imekuja. Nilimfikiria Fundi Mkuu, Mzee wetu. Nilijiambia ninamlinda. Ndivyo nilivyojiambia, na kwa kiasi ni kweli, na ndiyo maana nimekuwa nikichoka kila ninapolikumbuka, kwa sababu kama ingekuwa uongo mtupu ningeshautupa zamani.

Nikazichora zote.

Mzee aliweka sakafu ile kwa siku nane. Ilikuwa nzuri mno. Bi Habiba alivua viatu akatembea kutoka ukuta hadi ukuta, akarudi, akalia. Mama yake alifika Juni. Nyumbani mle wote walimwita Ayeyo, yaani nyanya kwa lugha yao.

Januari jua likawaka kama linavyowaka Nairobi Januari. Mbao zile zikaanza kukauka. Kati ya ubao na ubao pakafunguka nafasi ya kupitisha sarafu, misumari ikalegea, karibu na mlango ubao mmoja ukajipinda na kuinua ukingo wake. Asubuhi moja Ayeyo alikuwa anakwenda kutawadha. Kidole cha mguu kikashika ukingo ule. Akavunjika nyonga.

Tuliitwa ofisini, kikosi kizima. Meneja alikaa, sisi tukasimama. Msimamizi alisoma kutoka kwenye shajara yake kwamba Fundi Mkuu alikuwa amepungukiwa na macho na alikuwa ameficha jambo hilo.

Meneja akamgeukia. "Mzee, ni kweli huoni?"

"Naona kidogo."

"Uliweka mbao mbichi?"

"Niliweka."

"Hukujua ni mbichi?"

Mzee aligeuza uso kidogo upande niliosimama, akaurudisha. Alijua mahali nilipo. Alama ilikuwa yangu, na mgongoni mwa kila ubao ilikuwa bado ipo. Angeweza kusema neno moja tu.

"Mimi ndiye fundi," alisema.

Alifutwa kazi siku hiyohiyo. Na mimi nilinyamaza. Nimeandika sentensi hii mara nyingi nikitafuta namna ya kuirefusha, haitaki. Nilisimama pale nikiangalia viatu vya Meneja, nikanyamaza, nikatoka na wenzangu, nikarudi kuchambua mbao.

Nilivumilia wiki tatu. Wiki ya nne, Jumamosi, nilikwenda Muthurwa. Enzi hizo soko la sasa lilikuwa halijajengwa. Zilikuwepo nyumba za reli, safu ndefu za vyumba vidogo, na Mzee aliishi na mwanawe katika kimojawapo. Nilimkuta amekaa mlangoni ananoa patasi kwa kupapasa.

"Mzee, ni mimi."

"Nimekusikia tangu kwenye bomba. Kaa."

Nikamwambia yote: baraza, mvua, Msimamizi, chaki. Aliendelea kunoa. Nilipomaliza alifuta patasi kwa suruali.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua nini?"

"Ubao wa kwanza, nilipotoboa. Mhugu mkavu unatoa unga. Ule ulitoa kitu kama ugali. Na msumari uliingia bila kelele." Akajaribu makali ya patasi kwa kidole gumba. "Ningesimamisha kazi. Lakini nilikuwa nimebakisha mwaka mmoja nistaafu, Mama Mutheu. Nikafikiri, pengine nyumba hii itavumilia mpaka nimalize. Kwa hiyo usije hapa ukanililia kama mimi ni mtakatifu. Tulikuwa wawili."

Sikujua kama nimepunguziwa mzigo au nimeongezewa. Mkwewe akatuletea chai.

"Yule nyanya vipi?" Mzee akauliza.

"Amerudi kutoka hospitali. Hatembei."

"Na ile sakafu?"

"Iko vilevile. Wameifunika kwa zulia."

"Sasa ndiyo imekauka," alisema. "Ni mbao nzuri sasa. Ziking'olewa taratibu, zikapigwa randa kingo, zinarudi."

Jumatatu nilikwenda kwa Meneja nikamweleza nani alichora na kwa nini. Alinisikiliza kwa uvumilivu. Kisha akasema, "Mama, jambo hili tulishalifunga. Kwa nini unalifungua?" Mchana wake niliambiwa nisirudi. Mzee hakurudishwa. Msimamizi alihamishiwa ofisi kubwa, na nasikia alifanya kazi vizuri huko mpaka akastaafu. Nilitegemea kwamba ukweli ungebadilisha kitu ofisini mle. Haukubadilisha.

Kwa Bi Habiba ilikuwa vigumu zaidi. Alinisimamisha mlangoni. Nilimweleza nikiwa nimesimama, na alipoelewa alinipiga kofi, mara moja. Wauza duka wa jirani waliona. Halafu akaketi kwenye ngazi kana kwamba yeye ndiye aliyepigwa.

"Nilikwambia ni ya mama yangu," alisema. "Nilikwambia wewe, sikuwaambia wale wanaume wenu."

"Uliniambia."

"Na sasa umekuja unataka nini? Nikusamehe?"

"Nimekuja kuing'oa. Niiweke upya. Mbao ni zilezile, zimekauka."

Ndani kulikuwa na redio. Hatimaye sauti ya mwanamke mzee ikaita kutoka juu, kwa lugha yao, na Bi Habiba akajibu kwa maneno machache. Wakajibizana. Kisha akasimama akanipisha.

"Amesema uje mchana, yeye akiwa macho. Anataka kukuona ukifanya."

Nilikuja na Mzee. Nilimshika mkono tangu mjini. Ayeyo alikuwa amelazwa kwenye kitanda kilichosogezwa hadi kona, mwanamke mdogo wa mwili, macho makali. Mzee alipewa kiti katikati ya chumba. Niling'oa ubao mmoja mmoja kwa mtaimbo mwembamba, nikautoa misumari, nikamkabidhi. Aligonga, akasikiliza, akapapasa kingo, akasema "huu" au "huu kata." Nilipiga randa barazani palepale nilipozichorea. Kila ubao ulikuwa na alama yangu mgongoni, na kila alama niliifuta kwa kitambaa cha maji kabla ya kuurudisha.

Tulimaliza baada ya wiki tano. Mbao zilikuwa zimesinyaa kiasi kwamba safu mbili zilipungua, na mhugu wa rangi ile haukupatikana tena. Upande wa dirisha nikaziba kwa mvule, ambao ni wa manjano ukiwa mpya. Kiraka kilionekana. Hakuna namna ambayo kisingeonekana.

Siku ya mwisho Ayeyo aliomba ainuliwe. Bi Habiba upande mmoja, mimi upande wa pili. Aliweka miguu yake chini, miwili, bila soksi, akasimama kwa pumzi tatu au nne hivi huku anatetemeka. Hakutembea. Hakutembea tena vizuri mpaka alipofariki, miaka miwili baadaye. Alijikokota kwa kigari cha chuma kutoka kitandani hadi dirishani, na kurudi. Lakini siku ile alisimama, akamwambia Mzee neno.

"Amesemaje?" Mzee akauliza.

Bi Habiba akamtafsiria. "Anasema ina joto. Na anasema ile ya manjano ni mbaya."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Ndiyo mara ya mwisho niliyomsikia akicheka hivyo, kwani mwaka uliofuata hakuona kabisa na watoto wake walimrudisha kwao.

Bi Habiba hakuwahi kuniambia amenisamehe. Alinitumia wateja. Jamaa zake walipojenga walinitafuta, mmoja baada ya mwingine, wakisema wameambiwa kuna mama anayekataa mbao. Nilifanya kazi peke yangu tangu hapo, nikiajiri mafundi wawili ilipohitajika, na nilikataa mizigo mingi sana. Wateja wengine walikasirika wakatafuta mafundi wengine. Mume wangu alizikwa katika miaka hiyo, watoto wakasoma, mmoja hakusoma. Tulihama Makongeni tukaenda chumba kimoja Kariobangi. Kisha vigae vikaja. Vigae havitaki kuchambuliwa, havinuki, havinywi maji, na kijana aliyejifunza kwa mwezi mmoja anamaliza chumba kwa siku mbili. Siwalaumu. Ningekuwa na nyumba ningeweka vigae.

Niliacha siku niliyoshindwa kuinuka. Nilikuwa nimemaliza chumba cha mwalimu mmoja Umoja, nimepiga msumari wa mwisho nikiwa nimepiga magoti kama siku zote za kazi hii, na miguu ikakataa. Mwalimu na mkewe waliniinua wakanikalisha kwenye ndoo iliyopinduliwa. Wakaniletea maji. Nilikaa pale nikiitazama kazi, nikasikia nimechoka uchovu usioondoka kwa kulala, na nikajua ndiyo imekwisha. Sikuwaambia. Nilikunja uzi wangu wa kupimia, nikapanga patasi, nikaomba mtu wa kunisaidia kushuka ngazi.

Vijana wa kanisani kwetu ndio walioniomba niandike haya, wakitaka kujua kazi ilikuwaje. Nimewaandikia jinsi ilivyokuwa. Mwezi jana tulipata padre mgeni. Baada ya misa alinifuata nje akaniuliza kwa upole kwa nini wenzangu wote walipopiga magoti mimi nilibaki nimekaa.

"Baba," nilimwambia, "mimi niliyapiga yote mapema."